Jembe au Nyumba

Septemba 1965, mpiga kura wa Tanzania Bara aliyeingia kituoni alikabidhiwa karatasi ya ubunge yenye wagombea wawili. Wote wawili walikuwa wa TANU. Walikuwa wamezunguka jimbo pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakaapa kutekeleza sera zile zile za chama kile kile. Kwa mtu asiyejua kusoma, na wengi hawakujua, kilichowatenganisha pale karatasini ni michoro miwili. Huyu jembe, yule nyumba.

Waliochagua alama hizo walidhani wamepata vitu visivyo na upande. Mkulima gani hana jembe? Nani asiyelala ndani ya nyumba? Hawakuweka simba wa kumtisha mtu, wala sungura wa kumchekesha, wala chochote chenye kunuka dini au kabila. Walichosahau ni kwamba picha hizo wanawapa watu waliolelewa kwa vitendawili, katika nchi ambayo hata nguo ya kiunoni imeandikwa maneno ya kumsema jirani. Kampeni zilipoanza tu, jembe likaanza kuisema nyumba, na nyumba ikajibu.

Nitarudi kwenye mabishano hayo, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Lakini hayaeleweki vizuri bila kwanza kujua watu wale walijifunzia wapi kusikiliza siasa, na nani aliwafundisha. Na hapo lazima tuanze na ngoma.

TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ikirithi chama cha TAA kilichokuwapo tangu 1929. Wenye elimu ya kukiendesha chama wengi wao walikuwa makarani, walimu na matabibu wa serikali, na hao serikali ya Gavana Edward Twining ilikwisha wafunga midomo: mtumishi wa serikali marufuku kuingia katika siasa. Ukikata kadi, kazi huna. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimbidi aache kazi mwaka 1955 aliporudi kutoka New York, alikokwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kila tawi la chama lilipaswa kuandikishwa, na Usukumani serikali iligoma kuandikisha matawi kwa miaka kadhaa. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Redio ilikuwa ya serikali. Kipeperushi cha chama, Sauti ya TANU, kilikuja kutoka 1957, na hata hicho kilimfaa anayejua kusoma.

Basi chama hiki kingewafikiaje watu?

Jibu lilikuja kwa njia ya aibu. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Dar es Salaam, akakutana na viongozi wa TANU, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwapo pale. Viongozi wakahangaika kumtafuta wa kumwonyesha, na wakampata Bibi Titi Mohamed: mzaliwa wa mji ule ule mwaka 1926, elimu yake miaka minne ya shule, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma aliyefahamika kuanzia Kariakoo hadi Ilala. Yeye na mumewe walikuwa tayari na kadi. Sehemu ya wanawake ya TANU ikaundwa, yeye akakabidhiwa, na hakwenda kutafuta wasomi. Alikwenda kwa viongozi wa lelemama.

Msomaji ambaye hakuwahi kuiona lelemama anaweza kudhani ni mchezo wa kupoteza jioni. Wanawake husimama kwa mstari, sare moja, mikono inakwenda polepole kwa pamoja, na anayekosea anaonekana na mji mzima. Ili mstari ule usimame vile, nyuma yake kuna kazi nyingi. Kuna kiongozi anayetiiwa, na mweka hazina anayejua nani hajatoa mchango. Kuna siku ya mazoezi, na faini kwa asiyefika. Kuna kikundi hasimu mtaa wa pili, kwa hiyo kila mmoja analinda jina la kwao. Mwanachama akifiwa, wenzake wako msibani kabla maiti haijaoshwa. Kwa ufupi, kila kitu ambacho chama cha siasa hukitafuta kwa miaka na kwa fedha, wanawake hawa walikuwa nacho, tena kilikuwa kimefanya kazi muda mrefu.

Na serikali haikuwa na pa kuwashika. Muuza maandazi, mpika pombe na mke wa utingo hawakuwa na ajira ya serikali ya kunyang'anywa. Ile amri iliyowanyamazisha makarani haikuwagusa. Kiongozi mmoja wa ngoma akishawishika, hajaja peke yake, amekuja na mstari wote. Kwa muda wa miezi michache wanawake walikata kadi kwa maelfu, na pasipo tangazo hata moja kubandikwa ukutani habari za mkutano zilikuwa zikienda mlango kwa mlango kwa njia ile ile inayokwenda habari ya harusi. Nani alialikwa na nani ndilo jambo lililopewa uzito, si karatasi.

Halafu kulikuwa na ulimi wa Titi mwenyewe. Alizunguka nchi pamoja na Nyerere, na watu waliokuwa hawajapata kumwona mwanamke akihutubia umati wa wanaume walimwona akifanya hivyo bila kupepesa. Nyerere alikuwa na lugha ya mwalimu: swali, mfano, swali jingine, mpaka msikilizaji anafika mwenyewe kwenye jibu. Titi alitoka kwenye ngoma, ambako mwimbaji asiyeitikiwa ameshindwa. Neno lenyewe la kampeni nalo lilikuwa kama limetungwa kwa kuitikiwa: Uhuru. Silabi tatu, zote zinaishia kwa irabu ile ile. Chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za serikali ili kuishindania TANU, kilikuwa kinanadi serikali ya rangi zote kwa uwiano. Huenda hoja yake iliandikika vizuri, lakini jaribu kuipiga kelele uwanjani Jangwani.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapotazama picha za umati ule wa viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani. Wengi waliokuwa wakishangilia hawakuwa na kura.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulipangwa ufanyike kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na sharti la kuandikishwa lilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo miongoni mwa vyeo vilivyotajwa. Muuza maandazi hakuwamo. Na aliyekuwamo alikuta sharti jingine la ajabu zaidi, ambalo watu waliliita kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimpigia Mwafrika tu ukaacha nafasi nyingine, kura yako imeharibika.

TANU wakati huo haikupokea mwanachama asiye Mwafrika. Ingemwambia nini mtu wake? Wengi walitaka chama kisusie. Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora wakiwa wamekunja nyuso, na inasimuliwa kwamba Nyerere aliwapa mfano wa mtu mwenye shamba ng'ambo ya tope: asiyetaka kuchafuka, asahau mavuno. Wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha Congress, akisema Afrika ni ya Waafrika basi. Nadhani Tabora ndipo ilipofanyika kampeni ngumu kuliko zote za Nyerere, na wapiga kura wake siku zile walikuwa watu wake mwenyewe.

Baada ya hapo ikabaki kazi ya kumfundisha mwenye kura namna ya kuitumia kura ya pili na ya tatu. TANU ilitafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono: Amir Jamal, Sophia Mustafa wa Arusha, Derek Bryceson, Lady Chesham, na katika awamu ya pili mwalimu wa misheni kutoka Sweden, Barbro Johansson. Kisha ikamwambia mpiga kura wake majina matatu ya kukariri. Hapo ndipo umati usio na kura ulipoonyesha faida yake. Karani mwenye darasa la nane hakuishi peke yake. Alikuwa na mke mwenye kadi ya TANU, mama mwenye kadi, dada aliyetoka mazoezini jana, na wote walijua majina matatu kwa moyo. Kura ilikuwa ya siri, lakini jioni mtu anarudi nyumbani kwake kula.

Serikali nayo ilisaidia bila kukusudia. Katikati ya 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU. Alitiwa hatiani Agosti, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Mwezi uliofuata watu wakapiga kura. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600, mpinzani wake Patrick Kunambi 800 na ushei, na nchi nzima kila aliyeungwa mkono na TANU alipita, kwa rangi zote tatu. UTP haikupata hata kiti kimoja. Mfumo uliotengenezwa kuipunguza TANU ukaipatia wabunge Wazungu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio mno, na ndiyo yaliyoleta tatizo. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo wagombea wake walipita bila kupingwa. Hata yule mmoja aliyeshinda nje ya orodha, Herman Sarwatt wa Mbulu, alikuwa mtu wa TANU aliyekataa aliyeletewa na chama. Novemba 1962, nchi ikiwa huru na sasa inatafuta Rais wa kwanza, Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276.

Ushindi wa namna hii una kasoro ambayo Nyerere aliiona mapema. Mbunge aliyepita bila kupingwa hakupata kumwomba mtu yeyote kitu. Hakuulizwa swali. Mwananchi aliyefundishwa na Bibi Titi kuitikia jukwaani sasa alikuwa anaitikia tu, kazi ya kuchagua ilikwisha fanywa ofisini. Nyerere aliandika kuhusu jambo hilo Januari 1963, na hoja yake ilikuwa kwamba ukiwa na chama kimoja ambacho ni cha wote, unaweza kuacha watu wachague mtu bila kuhofia kwamba wanaangusha nchi. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ikaundwa 1964, taarifa ikatoka, na Katiba ya Muda ya Julai 1965 ikaifanya TANU kuwa chama pekee Bara. Wakosoaji waliona mlango unafungwa, na ulifungwa kweli, kwa miaka 27. Lakini ndani ya chumba kile kilichofungwa kulifanyika jambo ambalo sijaliona likifanyika sehemu nyingine kwa namna ile.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, majina yakapelekwa juu, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikarudisha mawili. Wawili hao hawakuruhusiwa kufanya kampeni zao wenyewe. Chama ndicho kilichoitisha mikutano, na katika kila mkutano wote wawili walikuwapo, wakipeana zamu ya kusema, kwa muda sawa, huku wasimamizi wa chama wamekaa pembeni. Marufuku kutumia fedha yako kujitangaza. Marufuku kutaja kabila, rangi au dini. Marufuku kudai kwamba Mwalimu anakutaka wewe. Na lugha ni Kiswahili tu, hata kama mgombea na wasikilizaji wake wote walizaliwa kijiji kimoja na kunyonya lugha moja.

Hebu mfikirie mgombea huyo. Amevuliwa kila kitu ambacho wanasiasa hukitegemea. Hana ngoma yake, hana wapambe, hana bahasha, hana ukoo wa kuukonyeza, hana sera ya kumshinda mwenzake kwa sababu sera ni moja. Amesafiri na mpinzani wake, amekula naye wali wa chama, na sasa wamekaa benchi moja mbele ya watu wanaowatazama wote wawili kwa zamu. Kimebaki kitu kimoja cha kwake peke yake, nacho hakukichagua: picha.

Kwa hiyo akaikamata kwa mikono miwili. Mwenye jembe akasema chakula chenu kinatoka wapi, ada za watoto zinatoka wapi, hiyo nyumba ya mwenzangu ilijengwa kwa fedha ya nini kama si jembe? Mwenye nyumba akasimama zamu yake: mkitoka shamba mnakwenda wapi? Na hilo jembe lenyewe mnaliweka wapi usiku? Hoja hizi zilizunguka majimbo mengi kiasi kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofuatilia uchaguzi ule, kazi iliyokuja kuhaririwa na Lionel Cliffe kuwa kitabu, walizichukulia kwa uzito pamoja na takwimu.

Wapo waliocheka, wakasema hii ndiyo siasa ya watu wasiosoma. Mimi naona kinyume. Aliyekuwa akilinadi jembe alikuwa anasema: mimi ni mtu wa kazi, nitaleta kitu cha kula. Aliyekuwa akiinadi nyumba alikuwa anasema: mimi ni mtu wa kukusanya, wa kulinda mlichonacho. Walikatazwa kutofautiana kisiasa, wakatofautiana kwa fumbo. Mtu wa pwani au wa bara, Mzaramo au Mnyamwezi, hahitaji kuelezwa fumbo mara mbili.

Lakini fumbo lilikuwa nusu tu ya mkutano. Baada ya hotuba yalikuja maswali, na hapo jembe na nyumba havikumsaidia mtu. Wagombea walikuwa wamekaa bega kwa bega, kwa hiyo jibu la mmoja lilipimwa papo hapo na jibu la mwingine. Aliyekuwa mbunge au waziri aliulizwa mambo ya nyumbani. Ulikuwa wapi miaka yote hii? Bei ya zao letu ulisema nini? Mara ya mwisho ulilala hapa lini? Mgeni asiyejulikana aliyekaa kando yake hakuwa na la kujibu kwa sababu hakuwahi kuwa na madaraka, na kutokuwa na la kujibu kukawa ndiyo nguvu yake.

Matokeo yaliwashtua hata waliobuni mpango. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika mkubwa miaka ya 1950 na ambaye jina lake Usukumani lilikuwa kama la baba mwenye nyumba, alianguka Mwanza. Mawaziri wadogo kadhaa walianguka naye, na wabunge wengi wa zamani hawakurudi. Wakati huo huo Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia, alishinda Morogoro dhidi ya Mwafrika, na Bryceson, Mzungu, akashinda Dar es Salaam. Wasiotakiwa kuisikia rangi ikitajwa jukwaani hawakuitaja hata kituoni. Nyerere, kwenye karatasi yake ya ndiyo na hapana, alipata ndiyo zaidi ya asilimia 96; hapo hapakuwa na jembe wala nyumba, na wala hapakuwa na kampeni ya kusimulia. Bomani naye haikupita muda akawa amerejeshwa katika baraza la mawaziri. Wananchi walikuwa wamemchagua mwakilishi wao, si mawaziri wa Mwalimu.

Na Bibi Titi? Aligombea Rufiji akiwa Waziri Mdogo. Mwanamke aliyewaita watu wakaja, aliyeijaza nchi kadi wakati wanaume wenye digrii wanaogopa mishahara yao, alikaa benchi lile lile na mpinzani, akanyimwa ngoma kama wote walivyonyimwa, akajibu maswali kama wote walivyojibu. Akashindwa. Nimejaribu mara nyingi kuifikiria jioni ile, na kila mara nakwama hapo kwenye ngoma. Kanuni iliyowaweka wagombea sawa kwa kuwanyang'anya silaha ilimnyang'anya yeye silaha ambayo bila hiyo chama chenyewe kisingefika kwenye kutunga kanuni. Sisemi kanuni ilikuwa mbaya. Nasema ilikuwa na bei, na yeye ni mmoja wa walioilipa.

Jembe na nyumba viliendelea kukutana kwenye karatasi za kura mpaka 1990, zaidi ya mara moja wakati wa TANU, kisha wakati wa CCM iliyozaliwa Februari 1977. Watu walizoea. Mabishano yalipungua makali, maana fumbo likirudiwa kila miaka mitano linakuwa methali, na methali haimshangazi mtu. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, alama zile zikastaafu. Jembe halikukaa bila kazi: kwenye bendera ya kijani ya CCM lilikwisha kuwa na mwenzake nyundo, kwa hiyo chombo kilichochaguliwa 1965 kwa sababu si cha upande wowote sasa kilikuwa na upande wa kudumu. Nyumba haikumpata mwenyewe kwa namna hiyo.

Kampeni za 1995 zilirudisha kila kilichokatazwa miaka 30 nyuma, tena kwa riba. Ngoma zilirudi, zikaongezwa bendi na spika. Wafuasi wa Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi walikuwa wakilisukuma gari lake barabarani kwa mikono ilhali injini nzima. Nyerere, mzee sasa, alizunguka kumnadi Benjamin Mkapa, na yeye aliyewakataza wagombea wa 1965 kudai kwamba Mwalimu anawataka, safari hii alimtaka mtu hadharani. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8. Fulana na kofia zikaingia, na kanga zenye picha za wagombea, ambazo zina akili kuliko mabango: bango hulowa mvua ya kwanza, kanga hubeba mtoto mgongoni miaka mitatu baada ya aliyechorwa kusahau njia ya kijijini. Fedha nazo zikaja na jina la heshima, takrima. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2000 iliutambua ukarimu huo wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoufuta mwaka 2006 kwa kuwa unakwenda kinyume na Katiba.

Jirani zetu Kenya walilipata somo la picha kwa namna yao. Kura ya maoni ya Katiba ya tarehe 21 Novemba 2005 ilipewa alama za matunda: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Bila shaka tume ya uchaguzi nayo ilidhani tunda ni tunda. Wanasiasa wakapanda majukwaani na matunda mikononi, wakamenya, wakala, wakarusha maganda. Chungwa lilishinda kwa karibu asilimia 58, na halikuliwa likaisha. Likawa jina la chama, ODM, kilichoingia uchaguzi wa 2007 kikiwa bado na rangi yake.

Bibi Titi hakurudi bungeni. Alijiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu ya TANU baada ya Azimio la Arusha la 1967, akakamatwa 1969, akatiwa hatiani kwa uhaini akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa huru 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikusikika kwenye majukwaa aliyoyafungua. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, wiki moja baada ya uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi, kabla mabango ya kampeni hayajabanduliwa kutani. Barabara inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, leo inaitwa Bibi Titi Mohamed.